Tuisheni ya Kutulia

Mtoto wa mwisho siku ile alikuwa Ndesanjo, na mimi nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata marahaba ilinitoka kwa shida.

Tangu asubuhi nilikuwa kwenye kiti cha plastiki, chumba cha nyuma cha ukumbi wa kanisa pale Levolosi, nageuza kadi. Paka, mbwa, paka, paka, mbwa. Mtoto akiona paka agonge meza, akiona mbwa atulie. Basi. Mimi nabonyeza kishikwambi: amegonga, hakugonga. Mwisho kishikwambi kinajumlisha chenyewe na kutoa alama. Ukisikia hivi utasema ni mchezo. Njoo ugeuze wewe hizo kadi tangu masika mpaka baridi ya Julai, halafu tuongee.

Utafiti ulikuwa wa Daktari Anisha. Amezaliwa hapa hapa mjini, babu yake aliuza vitambaa na baba yake anauza vitambaa, ila yeye alikwenda kusoma Ulaya akarudi na kadi za paka na mbwa. Alitaka kujua ni watoto wangapi katika kata zetu ambao akili haitulii mahali pamoja, na wale waliochelewa kuongea, na wale wanaoshika kitu kimoja kutwa nzima wasikiache. Kati yao, arobaini wenye shida kubwa kuliko wote wangepewa mwalimu maalumu kwa mwaka mzima, na mama zao wangefundishwa namna ya kuishi nao, na shule zao zingeandikiwa kwamba mtoto huyu ana shida inayojulikana na anasaidiwa. Nafasi arobaini. Mimi nilifundisha chekechea Ngaramtoni miaka mingi kabla ya kuingia kwenye utafiti huu, na ninajua nafasi moja ya namna hiyo ina maana gani kwa mama aliyekwisha kufukuzwa na walimu watatu.

Sisemi kwamba kila kitu cha Daktari kilinifurahisha. Kulikuwa na swali moja kwa wazazi: je, mtoto anakutazama machoni unapoongea naye? Jamani. Mimi ni Nasieku, Mwarusha. Kwetu mtoto anainamisha kichwa, unamgusa utosini, anakwenda zake. Angenikazia macho angekula kofi. Nilimwambia Daktari hivyo, akacheka, akalifuta. Ni mtu anayesikia, hilo lazima niseme, maana bosi anayesikia ni adimu kuliko mvua ya Januari.

Sasa Ndesanjo. Huyu nilikuwa namjua tayari. Wakati wa kuandikisha nilifika nyumbani kwao Sombetini, kwenye kibanda cha vyumba viwili ambacho ukuta mmoja bado haujapigwa plasta. Mama yake, Kandida, ni Mrombo, fundi cherehani wa sare za shule. Wote wanamwita Mama Sanjo. Mumewe anaendesha malori ya Tunduma, anakuja na kuondoka. Katika muda ule mfupi niliokaa pale, mtoto alipanda juu ya ukuta mara mbili, akamwaga ndoo ya maji, akafungua na kufunga komeo la geti mpaka masikio yakaniuma, akarudia tangazo la redio la sabuni neno kwa neno kama mtangazaji mwenyewe. Nilipomwambia hujambo, akanijibu hujambo. Miaka saba. Mama yake alikuwa anaongea na mimi huku macho yake yako kwake, mkono wake uko tayari, mguu mmoja uko mbele, kama golikipa. Nilipotoka getini nilishampa moyoni nafasi moja kati ya zile arobaini. Nilijua akikaa mbele ya zile kadi atashindwa vibaya, na nilifurahi.

Aliyeingia Levolosi siku ile alikuwa mtoto mwingine. Suti ya kipaimara ya mtu mkubwa iliyopunguzwa, soksi nyeupe, mafuta yanang'aa mpaka masikioni. "Shikamoo mwalimu," alisema kwa pumzi moja. Akakaa. Akaweka mikono mapajani.

Nikageuza kadi. Akagonga. Nikageuza. Akatulia. Nikageuza nyingine, na hapo nikaona kitu: aligonga kabla kadi haijafunuka. Nikadhani macho yangu yamenidanganya. Nikapunguza mwendo, nikaishika kadi ikiwa kifudifudi, na yeye tayari ameshagonga, kweli alikuwa paka. Tena hakuwa anaangalia kadi. Alikuwa anaangalia dirisha, na dirishani alikuwa mama yake.

Likaja zoezi la peremende. Unaiweka mbele ya mtoto, unamwambia asiiguse mpaka kengele ilie. Wengine huimeza na karatasi yake. Ndesanjo alikalia mikono. Alitoka jasho kwenye baridi ile, ukosi wa shati aliukamata kwa meno akawa anautafuna, lakini peremende hakuigusa. Kengele ikalia. Hakuigusa pia. Kishikwambi kikajumlisha, na alama zake zilikuwa za juu kuliko za mtoto yeyote niliyempima tangu tuanze.

Mama Sanjo alikuwa mlangoni. "Amefaulu, mwalimu?"

Nilisema amefaulu. Ningesema nini? Alishika mikono yangu yote miwili akainama, machozi yanamtoka, akasema Mungu akubariki, sasa mwanangu amepata mahali. Waliposhuka ngazi niliwafuata kwa macho. Walifika tu kwenye bajaji zinapoegeshwa, mtoto akajitupa chini na suti yake, akajing'ata mkono, akapiga kisogo ardhini, akainuka akakimbilia barabarani. Mama yake alimfuata na kiatu kimoja. Dereva mmoja akamkaripia yule mama: samaki mkunje angali mbichi. Watu wana methali nyingi sana kwa ajili ya watoto wa wenzao.

Nilirudi ndani kukusanya kadi. Kwenye benchi alikuwa amebaki mama mmoja, anamvalisha wa kwake sweta. Akaniambia kwa furaha tu, kama anayenipa habari njema, "Huyo si anasoma kwa Mwalimu Princess? Kwa Princess wanafaulu wote."

Usiku sikulala vizuri, na asubuhi nilipanda bodaboda nikaenda Sombetini.

Princess ni binti mpole, amehitimu ualimu Makumira, anasubiri ajira tangu sijui lini, na wakati anasubiri anafundisha tuisheni kwenye chumba cha mbele cha shangazi yake. Nilimkuta ana watoto sita kwenye mkeka. Ameshika kadi alizozichora mwenyewe kwenye maboksi ya biskuti. "Paka!" na mikono sita ikapiga mkeka. "Mbwa!" kimya. Alipoiweka peremende katikati ya mkeka, watoto wote sita wakakalia mikono.

"Shikamoo, mwalimu," aliniambia, akanipa kiti. Hakuficha kitu. Hakujua kama kuna cha kuficha.

"Marahaba. Hizi kadi umezitoa wapi?"

"Watoto wakitoka kwenu wazazi wanawauliza, wanakuja kuniambia. Mpangilio ni ule ule kila siku, kwa hiyo niliupata wote. Kuna mmoja alikuwa anasahau pale katikati, penye paka wawili, nikawatungia wimbo."

"Wimbo?"

"Wanauimba moyoni."

Nilitaka kumkaripia, mdomo ulikuwa tayari umefunguka. "Princess, kwani mliona huu ni mtihani?"

"Si ni intavyuu, mwalimu?" Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Tangazo lilisema kuna nafasi arobaini, watoto watapimwa. Hapa mjini shule yoyote nzuri mtoto anafanyiwa intavyuu. Akipita anapata nafasi, asipopita anarudi nyumbani. Wazazi walisema safari hii hatutaki aibu."

Nilikaa pale na uchovu ukanishuka mpaka kwenye vifundo vya miguu. Alikuwa amesema kweli. Nani katika mji huu amewahi kuona mtoto anapewa nafasi kwa sababu ameshindwa? Mama anayepeleka mtoto kupimwa bila kumwandaa ni mama gani? Tulikaa ofisini tukaandika tangazo lile, mimi, Daktari na wenzetu, tukalisoma na kulirudia, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyekumbuka jinsi sisi wenyewe tulivyokesha na watoto wetu kabla ya intavyuu zao. Nilimwambia Princess aache. Akauliza kwa upole awaambie nini wazazi. Nikasema nitakuja kuwaambia mwenyewe, na nikaanza na Mama Sanjo kwa sababu ndiye aliyekuwa ananisumbua moyo.

Nilimkuta kwenye cherehani yake Levolosi, kibaraza cha duka la mtu, ameshona rundo la sketi za bluu. Mtoto alikuwa shule. Alinikaribisha kwa furaha mpaka nikaona haya, akataka kuniagizia chai. Nikakataa. Nikamweleza.

Hakupiga kelele. Aliendelea kushona, mguu unakanyaga, sindano inatembea. Akafika mwisho wa pindo, akakata uzi kwa meno.

"Kwa hiyo wanaochukuliwa ni walioshindwa."

"Ndiyo, Mama Sanjo."

"Na wangu hakushindwa."

"Amekuwa wa kwanza."

Alichukua sketi nyingine. "Wiki zote hizi, mwalimu, kila jioni. Nikitoka hapa nampitia kwa Princess, tukifika nyumbani tunaanza tena. Jioni moja nilimfunga mikono kwenye kiti kwa kanga, asiiguse ile peremende. Alilia mpaka jirani akagonga ukuta. Nikamwambia vumilia baba, ukiweza hili hutafukuzwa tena." Akasogeza kitambaa chini ya sindano. "Mwalimu mkuu ameshaniambia muhula huu ndio mwisho. Kama hana karatasi ya daktari kwamba anasaidiwa, Januari nisimlete."

Nilimuuliza kama hakuona hata kidogo kwamba tunatafuta watoto wenye shida.

"Niliona," alisema. "Nikafikiri mnawatafuta wenye shida wanaosikia. Nani atataka asiyesikia?"

Niliondoka pale na hasira, na hasira yenyewe haina mtu wa kuipokea. Nikapanda kwa Daktari Anisha.

Alikuwa na majedwali yake mezani na kikombe cha chai kilichopoa. Nilimweleza yote, kadi za boksi la biskuti, wimbo, kanga. Alivua miwani. Alikaa muda mrefu akijikanda macho kwa vidole, na nikaona kwamba naye pia alikuwa amechoka kama sisi wengine.

"Wangapi wamepita kwa huyo binti?"

"Sijui. Wengi. Na si ajabu yuko mwingine Levolosi."

"Alama za Sombetini zimekuwa zikipanda tangu Juni," alisema. "Nilishaandika sababu yake, Nasieku. Niliandika kwamba watoto wa kule wanatumwa sana dukani, wanazoea kukumbuka mambo. Kurasa mbili nzima." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha yoyote. "Itabidi tuanze upya. Kadi zote."

"Tuanze. Lakini huyu mtoto?"

"Sheria unaijua. Aliyepimwa hapimwi tena mpaka mwaka upite, hata kwa kadi mpya. Orodha inafungwa mwisho wa mwezi. Nikimwingiza kwa huruma, wenzangu watauliza kwa nini mwenye alama za juu kuliko wote yumo kwenye arobaini, na watakuwa na haki."

"Kuna kipengele cha mtoto asiyepimika mezani. Anaangaliwa nyumbani."

"Hicho ni cha mtoto asiyeweza kukaa."

"Daktari, huyo hawezi kukaa. Amefungwa kwa kanga ndipo akakaa." Sauti yangu ilipanda, na sikuishusha. "Sisi ndio tumesababisha afungwe. Njoo umwone nyumbani kwao, saa moja tu, wewe mwenyewe, halafu uandike utakachoona. Ukiona ametulia, nitanyamaza."

Alirudisha miwani. Alisema Jumamosi.

Nilimpelekea Mama Sanjo ujumbe mapema: tunakuja, usiandae chochote, usimfundishe chochote. Ningemwambia jua lisichomoze ingekuwa sawasawa. Tulipofika mchana ule sebule ilikuwa imepigwa deki mpaka sakafu inateleza, vitambaa vya kufuma viko juu ya makochi, soda tatu zimepangwa mezani na maandazi chini ya kawa. Ndesanjo alikuwa amekaa kwenye kigoda ndani ya suti yake, mikono mapajani, ukosi mdomoni. Mama yake alikuwa amesimama nyuma yake. Macho yake yalikuwa mekundu, na nilijua hakulala.

Alitukaribisha kwa mila zote, akatuuliza habari za safari, za nyumbani, za kazi. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema, na mwenyeji huyu alionekana kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu. Hakukaa mpaka Daktari alipomshika mkono akamketisha kwenye kochi.

"Mama Sanjo," Daktari alisema, "leo hatuna kadi. Tutakaa hapa saa moja. Wewe usimwambie kitu. Usimkanye, usimwite, usimnyanyue. Akienda kwenye hatari tutamshika sisi. Tunataka kumwona alivyo."

"Alivyo?"

"Hivyo hivyo alivyo."

Mama Sanjo alimtazama mwanawe, kisha akamtazama Daktari kama mtu aliyeombwa avue nguo. "Daktari, kanisani waliniambia nimlete akishatulia. Shule ya kwanza walisema nimrudishe akishatulia. Mdogo wangu ameolewa Rombo mwaka jana, mama yangu mzazi akanipigia simu, akasema wewe njoo, ila huyo umwache kwa mtu. Hivyo hivyo alivyo, hakuna aliyewahi kutaka kumwona."

Daktari alitega saa kwenye simu yake, akasema kwa sauti ndogo, tuanze.

Kwa muda kidogo hakikutokea kitu. Mtoto alikaa, akitafuna ukosi. Alikuwa anasubiri paka. Nilimwona akigonga paja lake kwa kidole, taratibu, akifuata wimbo wa Princess kichwani, na alipofika mwisho wake akageuka kumtafuta mama yake usoni. Mama yake aliangalia sakafu. Akasubiri tena. Halafu akashuka kwenye kigoda.

Alianza na koti, akalitupa. Akavua soksi. Akaenda mezani akachukua soda ya Daktari, akatazama povu lake, akaimwaga yote ndani ya mkoba wa Daktari uliokuwa wazi sakafuni. "Sa..." Mama Sanjo alisema, akajiziba mdomo. Mtoto akafungua kawa, akaling'ata kila andazi mara moja akalirudisha mahali pake. Akavuta vitambaa vyote vya makochi akavirundika mlangoni. Akapanda kabati la vyombo, mimi nikasimama chini yake nikiwa nimenyoosha mikono, akashuka mwenyewe. Wakati wote alikuwa anasema lile tangazo la sabuni. Daktari alimwita jina lake. Akamwita tena. Akapiga makofi nyuma ya sikio lake. Hakugeuka. Alikuwa amelifikia komeo la mlango, na komeo likaanza: fungua, funga, fungua, funga.

Kila mara mkono wa mama yake ulikuwa unanyanyuka, unarudi. Mwishowe akaikalia mikono yake mwenyewe. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti, na nilimhurumia sana, maana wageni wawili walikuwa wanaangalia aibu ambayo ameificha miaka yote, nasi hatusemi hata pole. Daktari alikuwa anaandika kwenye kishikwambi. Nilijilazimisha kumwangalia mtoto, kwa sababu hiyo ndiyo kazi iliyonileta.

Sijui ni wakati gani niligeuka tena. Komeo lilikuwa bado linalia, mtoto akiwa na furaha isiyo na kifani, na mimi nikageuka kwenye kochi nikamwona Mama Sanjo ameinamisha kichwa. Nilidhani anasali. Halafu kichwa kikaegemea pembeni, mdomo ukafunguka, nikasikia anakoroma.

Daktari aliacha kuandika.

Kwetu, na kwao Rombo, na hata kwa kina Daktari nadhani, mwenyeji halali wageni wakiwa sebuleni. Mgonjwa mwenyewe anajitahidi akae. Mama yule tangu mtoto wake aanze kutembea hakuwahi kukaa mahali ambapo mtu mwingine ndiye anayemwangalia mtoto, na yeye ameambiwa asinyanyuke. Mwili wake uliona nafasi ukaichukua. Kwanza nilimwonea wivu, sitaki kusema uongo. Nilitamani kuanguka pembeni yake.

Simu ya Daktari ilianza kutetemeka, saa yetu imekwisha. Aliizima haraka kabla haijalia. Akasogea karibu yangu, akaninong'oneza, "Nafasi anayo. Hapa hakuna mtu wa kubishana na mimi."

Nikainuka kumwamsha Mama Sanjo nimpe habari. Nilimwinamia, mkono wangu uko karibu na bega lake. Vidole vyake vilikuwa na alama za sindano. Sikuwahi kumwona uso wake ukiwa umetulia, kila siku ulikuwa umekaza kama mtu anayebeba gunia, na sasa ulipolegea nikaona jambo ambalo halikuwahi kunijia akilini, kwamba alikuwa binti mdogo tu. Hakumzidi Princess umri hata kidogo.

Niliurudisha mkono wangu.

"Mwache," Daktari alisema nyuma yangu, ingawa nilishamwacha.

Ndesanjo alikuwa amechoka na komeo la mlango, sasa anataka la geti, anauvuta mlango kwa nguvu zake zote. Daktari aliweka kishikwambi ndani ya mkoba uliolowa soda, akavua viatu, akaenda akakaa chini, mgongo wake kwenye mlango ili mtoto asipite. Mimi nikakaa upande wa jikoni, penye jiko na visu. Mtoto alitutazama mmoja mmoja, akaanza tangazo lake upya, na sisi tukaendelea kukaa pale mpaka giza likaanza kuingia.